Nilipotoka Kidogo Mbele ya Wakwe

Kwetu tulizaliwa wanaume wawili na tukapewa mdomo mmoja, nao nikauchukua mimi. Mdogo wangu hakulalamika. Angelalamikaje, na mdomo ulikuwa kwangu? Mama alikuwa akisema kwamba nilianza kuongea kabla sijaota meno, na kwamba siku ya kubatizwa nilimjibu padri, jambo ambalo siwezi kulithibitisha lakini sioni sababu ya kulipinga. Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu hadi majirani wakamshauri mama ampeleke hospitali. Asubuhi ya kumpeleka, mama akiwa anazunguka nyumba nzima kutafuta viatu vyake, mtoto akasema, "Viko chini ya kitanda." Kisha akarudi kwenye kimya chake kama mtu aliyetoka nje mara moja kuanika nguo.

Tukakua hivyo. Mimi leo ninauza magodoro pale Birere, soko la Goma lililo mpakani, na sauti yangu huvuka mpaka kila siku hadi Gisenyi bila kuonyesha karatasi. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Anatengeneza milango na madirisha katika karakana moja njia ya Mugunga, siku nzima uso wake uko nyuma ya kile kinyago cheusi cha mafundi, na akikivua huoni tofauti kubwa. Ni kijana mpole, mwenye heshima, isipokuwa kwa tabia moja: hunivuta sikio. Tangu utotoni. Ninaweza kuwa katikati ya hadithi, watu wamenizunguka, mara ninahisi vidole vyenye harufu ya chuma vimelishika sikio langu la kushoto na kulivuta chini, halafu mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Nimemfokea miaka yote. Mimi ni yaya wake, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, na yaya havutwi sikio. Husema, "Ndiyo, yaya." Baada ya siku chache anavuta tena.

Shule niliimaliza nikiwa na ndevu na watoto. Ilikuwa shule ya jioni, sehemu ya ualimu. Asubuhi madawati yale yalikuwa ya watoto wadogo, kwa hiyo sisi watu wazima tulisoma magoti yakiwa usawa wa masikio, na mama mmoja mnene aliyekaa mbele yangu ilibidi kila jioni tumtoe dawatini wanaume kadhaa. Umeme ulikuwa ukija ukijisikia. Ukikatika, tuliwasha simu zetu na kumwelekezea profesa, yaani mwalimu wetu, naye akasimama pale mbele ya ubao anang'aa kama mtakatifu aliyechorwa ukutani. Leo diploma yangu iko dukani, ndani ya fremu kubwa kuliko godoro la mtoto. Wateja huisoma kabla ya kuuliza bei, na hilo ni kosa lao.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa saikolojia. Profesa wake alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kahawia, alilolivaa kwenye joto, mvua na mitihani. Jioni moja alitufundisha kuhusu aina za watu: wengine huishi nje, hisia zao zimeanikwa barazani kila mpita njia azione, wengine huishi vyumba vya ndani na kufungua dirisha mara chache. Kisha akasema kuna jambo lingine, ambalo wengi hawalisemi kwa kuogopa kuchekwa. Mtu anaweza kuwa mahali na wakati huohuo asiwepo. Anajiona kwa mbali, mithili ya mtu anayejitazama akiwa darini. Sauti za wenzake zinamfikia kama zimepita majini. Mikono yake anaiona ikifanya kazi na anajiuliza ni ya nani. Si wazimu, alisema, wala si mapepo. Mara nyingi huja kwa hofu kubwa, au hata kwa furaha kubwa, kisha hupita. Isipopita, ikimzuia mtu kuishi, basi aende kwa wanaojua, kama tunavyoenda jino likiuma.

Halafu akatuuliza kama kuna mtu humu, katika mji wetu huu, ambaye jambo hilo halijawahi kumpata. Mtu mmoja nyuma akacheka peke yake. Kisha nikasikia kalamu zote zinaandika kwa pamoja.

Yangu haikuandika. Mimi nilikuwa nimeshampata mgonjwa, na mgonjwa alikuwa mdogo wangu. Nani mwingine? Mtu wa kimya, mtu wa kinyago, mtu ambaye ukimwambia umenunua gari anasema "sawa". Ilinijia vilevile kumbukumbu ya siku ya lava tulipokuwa watoto, mlima Nyiragongo ulipomwaga moto hadi mjini, nilivyombeba mgongoni kutoka mtaani kwetu huku mkononi nimeshika kifuniko cha sufuria, sufuria yenyewe imebaki nyumbani. Safari ile ninaikumbuka kana kwamba nilimtazama mvulana mwingine akitembea na kifuniko chake. Nilidhani kila mtu anakumbuka mambo hivyo. Sikuona inahusiana vipi na somo.

Tangu jioni hiyo nikaanza kuwapanga watu. Mteja akiingia dukani nilimwangalia anavyolijaribu godoro. Anayelibonyeza kwa kidole na kurudi nyuma kana kwamba limemuuma, huyo anaishi vyumba vya ndani: mpe bei ya mwisho moja kwa moja, usimchoshe. Anayejitupa juu yake na viatu vyenye vumbi jeusi la barabarani, akaita mke wake aje kulala pembeni mbele ya soko zima, huyo anaishi barazani: panda na bei, maana furaha yake iko katika kuishusha. Nilifanya biashara nzuri mwaka ule. Jirani yangu muuza sahani alikuja kunisihi nimwambie yeye ni aina gani, nikamwambia ni mchanganyiko, akafurahi mno.

Mdogo wangu nikamtibu bure. Nilimlazimisha tule tukitazamana machoni, chakula kikapoa. Nilimwambia kila asubuhi aseme kwa sauti jambo moja analolihisi, akasema, "Njaa." Nilimpeleka ziwani akapige kelele zitoke zote. Ili kumwonyesha mfano nikapiga mimi kwanza, na nilipiga vizuri kiasi kwamba wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, waligeuza mitumbwi wakidhani mtu anazama. Mdogo wangu akaingiza mkono majini. "Yaya, maji ni ya baridi," akasema, akanivuta sikio, tukarudi nyumbani.

Katikati ya matibabu hayo akapenda.

Hakutuambia. Tulijua kwa sababu alinunua shati. Msichana alikuwa mshonaji, alifika karakana kuagiza wavu wa dirisha la chumba chake cha kushonea, na wavu ule, ambao fundi mwingine angeumaliza kwa siku moja, ulichukua wiki tele. Yule binti alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa, ninyi mnaweza kufikiri angemkimbia mtu wa namna ile, lakini aliniambia mwenyewe kwamba hajawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote. Nilidhani anamwonea huruma.

Tatizo lilikuwa mama yake. Mama huyu, mjane, mwenye kimo na sauti ya mkuu wa soko, anauza jibini ya Masisi, ile mikate mikubwa ya manjano tunayoiita fromaji. Ukifika mezani kwake hakupi tu. Anachukua mkate mmoja, anauweka karibu na sikio, anaugonga kwa kifundo cha kidole, tok tok, anasikiliza. Akisikia kilicho sawa ndani anakufungia. Asiposikia anaurudisha na kuchukua mwingine. Watu huja hadi kutoka Kibati kwa ajili ya kile kidole.

Mdogo wangu alipopelekwa kumsalimia mara ya kwanza, alikula kila alichoandaliwa, akasema "Asante, mama," na huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa mazungumzo. Jioni ile mama akamwambia binti yake maneno ambayo binti alituletea huku akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja: "Ule kijana nimemugonga kila upande. Sisikie kitu ndani."

Binti hakutuficha lolote. Mama yake angewapokea wazee wetu wakija kuomba, kwa sababu kuwarudisha wazee mlangoni ni aibu. Lakini uamuzi wake bado. Alikuwa amemwagiza msemaji wa familia yao: mkutano ukifika mwisho na yeye hajasikia kitu ndani ya kijana huyu, msemaji aseme, "Murudi nyumbani, tutawaita." Na Goma nzima inajua maana ya "tutawaita". Maana yake ni kwamba usikae karibu na simu.

Msemaji wetu angekuwa baba mdogo, mtu wa Masisi mwenye ulimi uliokwisha kuwaozesha mabinti wa nusu ya wilaya. Wiki ya sherehe aling'olewa jino, shavu likavimba kama avokado, na ulimi ule wote ukafungiwa ndani. Wazee wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Sikukataa. Ningekataaje? Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi hiyo tangu ubatizo.

Kwa ambaye hajaiona: kwetu sisi watu wa Rutshuru na Masisi, kuomba binti ni vita vya maneno. Mahema mawili yanatazamana, la wenyeji na la wageni. Kila upande una msemaji wake. Msemaji wa wenyeji anajifanya hajui mmekuja kufanya nini. Anawatukana kwa adabu, anawakumbusha babu yenu aliyeiba kondoo, anasema binti mnayemtaka ameshaingia utawa. Msemaji wa wageni anajibu kila pigo kwa pigo tamu zaidi. Ukikosa jibu umeaibisha ukoo. Bwana harusi anakaa katikati ya watu wake na haruhusiwi kufungua mdomo, sheria ambayo mdogo wangu aliipenda sana. Bibi harusi amefichwa ndani hadi neno la mwisho. Mjini hapa tunafanya kwa Kiswahili, ili majirani waliotoka Bukavu na Butembo wacheke kwa wakati unaofaa.

Wiki nzima nilipika matusi. Niliwajaribia wateja. Siku ilipofika nilivaa suti na viatu vipya vilivyonibana hadi kwenye mawazo, tukaingia kwenye uwanja wa wenyeji kwa nyimbo, tukakaa. Upande wa pili msemaji wao akasimama. Mzee mwembamba. Koti la kahawia.

Profesa wangu wa saikolojia hakunionyesha hata kwa kope kwamba ananijua, kwa kuwa mchezo ndivyo ulivyo. Alitutazama kwa huzuni, akauliza kama tumepotea njia, kwa sababu mazishi yako nyumba ya pili. Nikamjibu kwamba ni kweli tumefuata harufu ya kitu kilichokufa zamani, kumbe ni koti la mwenyeji wetu. Mahema yote mawili yakapiga makofi. Akasema wanamkumbuka babu yetu, mtu mwema, alikuja kuazima kondoo na kondoo bado yuko njiani. Nikasema kondoo yuko salama, ila amekataa kurudi kwa sababu kwetu anakula. Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Baba mdogo akanipigia makofi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika shavu. Nilikuwa ninaruka. Kama kungekuwa na mizani ya furaha pale, ingevunjika.

Kisha profesa akashusha sauti.

"Kuna neno moja mama ya mutoto ameniomba niulize," akasema. "Kijana wenu alikuja hapa. Tulimuletea chakula, akakula. Tulimuletea maneno, akayakula pia, na hatukuona mahali yalitokea. Sasa mutuambie. Mutoto wetu munamupeleka akaishi na nani?"

Watu walicheka, walidhani ni mwendelezo. Mama wa binti hakucheka. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, kidole chake cha jibini kimekunjwa juu ya goti, tayari. Nikajua swali lile halina utani ndani yake. Kila nilichojiandaa kusema kilikuwa juu ya kondoo. Nikamtazama mdogo wangu, shati lake jipya, mikono yake yenye alama za cheche imelala magotini, na nikaona kwamba furaha yake yote ya miaka itakayokuja imesimama juu ya ulimi wangu.

Hapo nikaondoka.

Sijui kulieleza kwa njia nyingine. Vicheko vilianza kunifikia kutoka mbali, vimelowa. Kulikuwa na utulivu mzuri. Nilikuwa juu, karibu na mlingoti wa hema, na chini yangu nikamwona bwana mmoja mnene wa suti, anatoka jasho, na utosini ana upara mdogo ambao hakuna mtu aliyewahi kunitaarifu. Niliona mahema mawili yanayofanana, watu wenye nguo nzuri pande zote, na sikukumbuka lipi kati ya hayo mawili lilikuwa letu. Yule bwana akaanza kusema. Alikuwa na sauti nzuri kweli.

"Ndugu zangu wapendwa," akasema, "swali hili ni la maana sana. Mama yuko na haki ya kuuliza. Binti ni binti yetu sote, na hatuwezi kumtoa mikononi mwetu kwa mtu ambaye hatumfahamu. Naomba tufikiri kwanza."

Nikiwa kule juu nilikubaliana naye kabisa.

Baba mdogo alikuwa anafanya kwa shavu lake sauti ya ndama aliyefungiwa. Na profesa, maskini. Mtu huyu alikuwa amepinga wageni kwenye sherehe tangu kabla mimi sijazaliwa. Kila anachosema msemaji wa wageni, yeye hukataa. Ni kupumua kwake. Alipoona nimemaliza na ninamngoja, mdomo wake ukajibu wenyewe, kwa mazoea.

"Sivyo, mzee," akasema. "Kijana huyu ni kijana mzuri."

Akasikia alichosema. Akajishika kinywa. Hema la wenyeji likamgeukia yeye, hema letu likanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Kivu nzima, ninavyoamini, upande wa mwanamume ulikuwa unamkataa mwanamume na upande wa mwanamke unamtetea.

Ndipo mdogo wangu akasimama. Bwana harusi hasimami. Alipita mbele ya wazee, akanifikia, na mbele ya wakwe, mbele ya padri, mbele ya watu wa Bukavu na Butembo, akalishika sikio langu la kushoto akalivuta chini. Hakuvuta kwa hasira. Alivuta taratibu na kulishikilia. Kisha akamgeukia mama wa binti, na akaongea.

"Mutusamehe, mama. Yaya ametoka kidogo. Mumungojee, atarudia."

Mama akakunja uso. "Ametoka wapi? Si ni yeye huyu amesimama hapa?"

"Mwili ndiyo," akasema mdogo wangu. "Yeye hapana. Akianza kusema 'ndugu zangu wapendwa', hayuko. Akiwa hapa angewatukana."

"Na weye unajua aje?"

"Najua tangu siku ya lava. Alinibeba kwa mugongo. Alikuwa anatembea, lakini hakuwa pale. Anaenda tu, hata barabara ikiwa na moto mbele. Nikamuita, hakusikia. Nikavuta sikio, akageuka, tukapita njia ingine." Akafikiri. "Mara mingi anatoka. Anarudiaka. Ni kumungojea tu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na mimi niliisikia nusu ya mwanzo nikiwa kwenye mlingoti na nusu ya mwisho nikiwa ndani ya viatu vyangu. Kurudi kulianza na sikio, likaungua. Kisha harufu ya mbuzi kwenye makaa. Kisha miguu, ee mama, viatu vile. Nilikumbuka ghafla hema letu ni lipi. Nikaona mkono wa mdogo wangu bado uko sikioni na nikakumbuka kila mahali aliponivuta: dukani, kanisani, ziwani, siku niliyokuwa ninaapa kwenye ndoa yangu mwenyewe. Miaka yote nilimfokea. Hakuwahi kunieleza, kwa sababu alidhani ninajua. Alidhani ndiyo maana ninageuka.

Mama alikuwa ameinuka. Alikuja polepole, akasimama mbele ya mdogo wangu. Akainua kidole chake na kumgonga kifuani, juu ya shati jipya. Tok tok. Akainamisha kichwa kama anavyofanya mezani kwake.

"Nilikuwa nagonga, kumbe mutu iko ndani inasikiliza," akasema. Kisha akageuka kwa profesa. "Muzee, mutu mwenye anaona mwenzake ametoka, na anamungojea, hatamupoteza mutoto wangu ndani ya nyumba. Muwapatie."

Profesa bado alikuwa ameshika kinywa. Alipokiachia, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha choka kukataa. Lakini kabla hajatamka neno la kutoa, ilinibidi nijibu, maana ukoo wangu ulikuwa bado unaning'inia. Nikamwambia kwamba tunamshukuru kwa kumsifu kijana wetu, na kwamba kama angekuwa ametufundisha saikolojia vizuri hivyo darasani, nusu yetu tusingerudia mtihani. Mahema yakaanguka kwa kicheko. Mdogo wangu aliachia sikio.

"Amerudia," akawatangazia watu, na akaenda kukaa.

Vigelegele vilivyofuata, nadhani vilisikika kwenye mdomo wa Nyiragongo. Binti alitoka ndani na dada zake, wote wamefunga vitambaa vyao begani, mikono imeinuliwa juu kama pembe za ng'ombe wazuri, na kicheko chake kikatangulia mbele ya ngoma. Maziwa yakazunguka. Baba mdogo akacheza akiwa ameshika shavu. Mimi nilivua viatu. Nilicheza pekupeku juu ya ile changarawe nyeusi ya mji wetu, inayochoma, na kila ilipochoma nilifurahi zaidi, kwa sababu aliyekuwa anachomwa ni mimi mwenyewe, hakuna mwingine. Nimewahi kuhudhuria sherehe nyingi za kwangu nikiwa darini. Hii ya mdogo wangu niliila yote, hadi mifupa.

Wakati wa kula, profesa akaja na sahani yake, akaketi kando yangu. Sasa aliruhusiwa kunijua. Nilipomsimulia nilivyomtibu mdogo wangu, akaniuliza kama ni kweli kwamba darasani alisema jambo lile huwapata watu wa kimya. Nikamwambia ndivyo nilivyosikia. Akatafuna.

"Nilisema linaweza kumufikia mutu yeyote," akasema. "Mwenye kuishi chumba cha ndani, na mwenye kuishi barazani. Huyu wa barazani ni vigumu zaidi kumuona, kwa sababu akitoka anaacha radio inaimba."

Nikacheka hadi mchuzi ukanipaliza. Kisha nikaacha kucheka, naye akanisubiri. Akasema kwa upole kwamba kama mlango wangu unafunguka mara kwa mara hivyo, nipite kwake siku za mapumziko, tuongee, na kama ni zaidi ya anavyoweza yeye, anamjua wa kunipeleka. Nimekuwa nikipita. Tunakunywa chai, ninamweleza kuhusu kifuniko cha sufuria, na nikianza kuwa na adabu kupita kiasi anagonga kikombe kwa kijiko. Siku nyingine tunaongelea koti lake tu.

Watu dukani siwapangi tena, au tuseme ninawapanga kwa siri na ninajua ninakosea. Mdogo wangu na mke wake wanaishi karibu na karakana. Ukipita nje ya nyumba yao unasikia sauti moja inacheka na unaweza kudhani humo anaishi mtu mmoja. Mimi nimeingia mara nyingi, na ninakuhakikishia kwamba wamo wawili, wametimia.

Na mama wa fromaji, ambaye sasa ni mama kwangu pia, hupita Birere asubuhi na beseni lake kichwani, akielekea mezani kwake. Huwa anasimama mbele ya duka, ananisikiliza ninavyoita wateja, sauti yangu ikiwa tayari imefika Gisenyi. Mwanzoni alikuwa akigonga godoro la mbele, lakini godoro halitoi sauti, alisema, hii bidhaa yako haina maana. Siku hizi ananiita nisogee, anashika beseni kwa mkono mmoja, na kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili ananigonga kwenye paji la uso, mbele ya wateja na diploma yangu.

"Uko?" anauliza.

"Niko, mama. Na leo fromaji yako inanuka mpaka Sake."

Anainamisha kichwa, anasikiliza. Kisha anaenda zake akiwa ameridhika.